Vijiwe vya Gizani na Walimu Wasio na Nyuso

Imekuwa ni kawaida katika khutba na mawaidha yetu kusema kwamba intaneti imewaharibu vijana. Maneno hayo hayana uongo ndani yake, lakini faida yake ni ndogo, kwa sababu msikilizaji hutoka msikitini bila ya kujua ni kitu gani hasa kilichomo humo, nani anayekiweka, na kwa njia gani kinaingia katika moyo wa kijana ambaye juzi tu alikuwa akihifadhi Juzuu Amma. Wengi tukisikia habari za uharibifu wa mtandao, akili zetu zinakimbilia kwenye picha za uchi. Hilo ni ovu, na limekwisha semwa. Mwezi huu tunakusudia kuzungumzia ovu jingine, ambalo ni nadra kutajwa juu ya mimbari: vile vijiwe vya mtandaoni ambamo watu wasiojuana, wasio na majina wala nyuso, wanafundishana chuki huku wakicheka.

Tunalizungumza kwa kuwa chuki hiyo imekwisha ingia msikitini, tena ikiwa na bunduki mkononi.

Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, Waislamu wa mji wa Christchurch nchini New Zealand walikuwa wamekusanyika katika Msikiti wa Al Noor kwa ajili ya Swala ya Ijumaa. Mtu mmoja, raia wa Australia, aliwaingilia na kuwamiminia risasi, kisha akaendesha gari mpaka Kituo cha Kiislamu cha Linwood na kufanya hivyo hivyo. Waliouawa ni 51. Mdogo wao alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awapokee kuwa ni mashahidi. Jina la muuaji hatutaliandika. Waziri Mkuu wa nchi ile wakati huo, Bibi Jacinda Ardern, ambaye si Muislamu, alitamka mbele ya Bunge kwamba hatalitaja kamwe, nasi hatuoni sababu ya kumfanyia muuaji ukarimu ambao bibi yule alimnyima. Mwezi Agosti 2020 mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha bila ya nafasi ya kuachiwa, adhabu ambayo ilikuwa haijawahi kutolewa katika nchi hiyo.

Lakini linalotuhusu zaidi katika makala hii ni yale yaliyotokea muda mfupi kabla ya risasi ya kwanza. Muuaji aliandika ujumbe katika kijiwe cha mtandaoni kiitwacho 8chan, akawaarifu wenzake kwamba sasa anatoka kwenye maneno na kuingia kwenye vitendo, na akawawekea anuani ya kumtazama moja kwa moja kupitia Facebook. Matangazo yake yalikwenda kwa muda wa dakika 17. Kwa mujibu wa maelezo ya kampuni ya Facebook yenyewe, waliotazama wakati tukio likiendelea hawakufika watu 200, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetoa taarifa. Taarifa ya mwanzo ilitolewa dakika 12 baada ya matangazo kumalizika. Katika saa 24 zilizofuata kampuni hiyo iliondoa nakala zipatazo milioni 1.5 za picha zile.

Ndugu Waislamu, tuizingatie hesabu hii. Wapo walioona watu wakiuawa katika nyumba ya Mwenyezi Mungu na wasinyanyue hata kidole kimoja. Na wapo waliokaa usiku na mchana wakizipakia upya picha zile kila zilipofutwa. Hawa ni akina nani, na walifikaje hapo?

Historia yake haianzi na vita wala dini. Mwaka 1999 kijana wa Kijapani aitwaye Hiroyuki Nishimura alianzisha ukumbi wa mazungumzo mtandaoni ambamo mtu aliweza kuandika bila ya kujisajili na bila ya kutaja jina. Mtindo huo ulipendwa sana Japani. Mwaka 2003 mvulana wa Kimarekani wa miaka 15, Christopher Poole, aliuiga akaanzisha 4chan, na nia yake ilikuwa ni kuzungumzia katuni za Kijapani. Miaka kumi baadaye, yaani mwaka 2013, Mmarekani mwingine, Fredrick Brennan, aliona kwamba hata 4chan imekuwa na makatazo mengi, akaanzisha 8chan, ambayo karibu kila kitu kiliruhusiwa humo. Mwanzilishi huyo baadaye alijitenga na kazi yake, na mwaka 2019 yeye mwenyewe alikuwa akiomba hadharani kijiwe kile kifungwe. Kilikuwa kimekwisha kuwa mali ya mtu mwingine, na huyo mwingine hakuwa na haja ya kukifunga. Kilipokosa kampuni ya kukihudumia mwezi Agosti mwaka ule, kilirudi mwezi Novemba kwa jina la 8kun.

Baadhi yetu hudhani kwamba mambo haya yapo katika ule unaoitwa mtandao wa giza, unaohitaji programu maalumu kuufikia. Mtandao huo upo na una maovu yake. Lakini 4chan na 8chan zilifunguka kwa simu yoyote ya mkononi, bila ya neno la siri na bila ya malipo. Kilichowaficha watu wale ni lugha yao, yaani vifumbo, picha za mzaha na maneno ambayo mzazi akiyaona juu ya bega la mwanawe atadhani ni utani wa kitoto na kwenda zake.

Namna vijiwe hivi vinavyofanya kazi inafaa ielezwe, kwani ndani yake ndimo ulimo mtego. Kijiwe cha mtaani tunakifahamu. Anayesema upuuzi pale anajulikana ni mtoto wa nani, ameoa kwa nani, na deni lake dukani ni kiasi gani. Akivuka mpaka, mzee mmoja atakohoa, na kikohozi kile kinatosha. Kesho yake atakutana njiani na yule aliyemtukana, na itambidi amtolee salamu. Katika kijiwe cha mtandaoni hakuna ukoo, hakuna deni, hakuna kesho. Kila mtu anaitwa jina moja tu, nalo ni "asiye na jina". Tena kuna kanuni ya mashine. Mada inayojibiwa na watu hupanda juu ya ukurasa. Isiyojibiwa huteremka, na ikifika chini kabisa hufutwa. Kwa hiyo anayetaka maneno yake yaishi hana budi kuandika jambo litakalowafanya watu wajibu, na hakuna linalojibiwa upesi kuliko tusi, uzushi na ukatili. Kijana wa miaka 15 akikaa humo miezi sita, atakuwa amefunzwa na mashine kwamba neno la wema hufa na neno la uovu huinuliwa.

Kwa uadilifu tuseme kwamba si kila anayeficha jina lake mtandaoni ni muovu. Yupo mgonjwa anayeona haya kutaja maradhi yake. Yupo mwanamke anayepigwa na mumewe na hana wa kumwambia. Yupo aliyesilimu katika nchi ambayo jamaa zake wakijua watamdhuru. Uislamu umetufunza kusitiri, na Sura ya Al-Hujurat inakataza kupelelezana. Sitara ya namna hiyo inamlinda mnyonge. Ile ya 8chan ilimlinda mchochezi.

Jambo la pili ni kicheko. Mtu asidhani kwamba vijana hawa walianza kwa kusoma vitabu vya ubaguzi. Walianza kwa kucheka. Mmoja huweka picha ya kumkejeli mwanamke wa Kiislamu aliyevaa hijabu, mwingine akaongeza neno, wa tatu akaongeza baya zaidi. Ukiwauliza, watakuambia wanatania, na kwamba wewe huna ucheshi. Basi mzaha unakuwa ngao, na nyuma ya ngao chuki inakua. Kisingizio hiki si kigeni kwetu. Sura ya At-Tawba inawataja wale wanafiki ambao walipoulizwa juu ya maneno yao walijitetea kwamba walikuwa wakipiga soga na kucheza tu, na utetezi huo haukukubaliwa. Muuaji wa Christchurch naye, hata alipokuwa akijiandaa kushuka garini, alianza kwa kutaja kimzaha jina la mtu mashuhuri wa YouTube, ili watazamaji wake wacheke. Juu ya silaha zake alikuwa ameandika majina ya vita vya kale baina ya Waislamu na Wakristo, pamoja na mwaka 732 na mwaka 1683, kama mchezaji anayepamba vifaa vya mchezo. Na baada yake, katika vijiwe vile, idadi ya waliouawa ilizungumzwa kama mabao.

Mabao hayo yalitafutwa na wengine. Siku tisa tu baada ya Christchurch, kijana mmoja alijaribu kuuchoma moto msikiti wa Escondido, California, na mwezi uliofuata akaishambulia sinagogi ya Poway na kuua mtu mmoja. Mwezi Agosti mwaka huo huo wa 2019, mwingine aliua watu 23 katika duka huko El Paso, Texas. Wote wawili waliweka maandishi yao 8chan na kumsifu muuaji wa Waislamu. Wiki moja baada ya El Paso, kijana wa Norway, baada ya kumuua dada yake wa kulea nyumbani, aliuvamia msikiti wa Bærum karibu na Oslo. Alhamdulillah, humo alikutana na mzee wa miaka 65, askari mstaafu kutoka Pakistan, aliyemkamata na kumlaza chini. Mwezi Mei 2022 kijana wa miaka 18 aliua watu weusi kumi huko Buffalo, New York. Huyu alieleza mwenyewe kwamba alianza kuingia 4chan wakati wa maradhi ya korona, kwa sababu ya kukosa la kufanya.

Kukosa la kufanya! Tunaomba wazazi na walezi walisome mara mbili neno hili.

Na tusije tukajifariji kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Mwezi Disemba 2020 serikali ya Singapore ilimtia kizuizini mvulana wa miaka 16, mwenye asili ya Kihindi, Mkristo, ambaye alikuwa akijiandaa kuwashambulia Waislamu katika misikiti miwili siku ya kumbukumbu ya Christchurch. Alikuwa ameziona zile picha za mauaji na kusoma maandishi ya muuaji. Mvulana huyu hakuwa Mzungu, wala hakuwa na chochote cha kupata katika nadharia ya kwamba Wazungu wanaondolewa katika ardhi yao. Sumu ile haikumuuliza rangi yake. Kwa hiyo anayemtumia mwenzake picha za mauaji yale, hata kama ni kwa huruma na hasira ya dini, anamfanyia muuaji kazi ambayo muuaji aliikusudia.

Sasa tunafika mahali ambapo baadhi ya ndugu zetu hawatapapenda. Miezi michache baada ya habari ya mvulana yule, mwezi Machi 2021, Singapore ile ile ilitangaza kumzuia kijana mwingine, wa miaka 20. Huyu alikuwa Muislamu. Alikuwa amepanga kuwachoma kisu Mayahudi watokapo katika ibada yao. Machungu yake juu ya Palestina yalikuwa ya kweli, na ni machungu yetu sote. Ila aliyemfundisha kuyageuza machungu yale kuwa kisu hakuwa sheikh wa msikiti wake. Ni mambo aliyoyakuta mtandaoni akiwa peke yake. Sura ya Al-Hajj inataja mahekalu ya watawa, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti, kuwa ni mahali ambapo jina la Mwenyezi Mungu linatajwa. Muislamu aliyelia kwa ajili ya Christchurch atasemaje juu ya kisu mlangoni mwa sinagogi?

Kwa upande wetu, kijiwe kilibadilika jina tu. Kundi lililojiita Dola ya Kiislamu lilifanya Telegram kuwa baraza lake, hata ikabidi mwezi Novemba 2019 shirika la polisi la Ulaya, Europol, lishirikiane na kampuni hiyo kuziondoa akaunti kwa wingi. Lugha yetu ya Kiswahili haikusalimika. Tangu mwaka 2012 lilikuwapo jarida la mtandaoni liitwalo Gaidi Mtaani, lililoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya vijana wa Afrika Mashariki kuwavuta kwa Al-Shabaab. Huko Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, ambako mapigano yalianza mwezi Oktoba 2017, vijana kutoka Tanzania wamekuwamo miongoni mwa wapiganaji, na mama zao wamebaki hawana hata kaburi la kulizuru.

Tazameni namna njia mbili hizi zinavyofanana. Kule kuna "asiye na jina", huku kuna "Abu" fulani ambaye hakuna anayejua amesoma wapi, kwa nani, wala kama ana umri wa miaka 40 au 17. Kule wanaanza kwa kumcheka Muislamu. Huku wanaanza kwa kuwacheka mashekhe, kuwaita majina, kuwabandika picha za kejeli, kisha wanawakufurisha, na baada ya kukufurisha damu inakuwa nyepesi. Kijana aliyekuwa akiwaamkia wazee shikamoo anaingia msikitini kimya, anaswali peke yake nyuma ya nguzo, kwa kuwa imamu kwake si Muislamu tena. Imamu anadhani kijana amezidi ucha Mungu.

Umma huu ndio uliopaswa kuwa wa mwisho kunaswa na mtego wa walimu wasiojulikana. Wanavyuoni wetu wa mwanzo walijenga elimu nzima juu ya swali moja: nani amekusimulia? Walisafiri miezi kutafuta habari za mpokezi mmoja wa Hadithi, ukweli wake, kumbukumbu yake, na kama kweli alikutana na yule anayedai kumsikia. Asiyejulikana, riwaya yake iliwekwa kando, hata kama maneno yake yalikuwa matamu. Na Sura ya Al-Hujurat imeamrisha kuhakikisha habari inapoletwa na mtu fasiki, ambaye angalau ni mtu anayejulikana. Leo mtu anakataa Hadithi kwa sababu ya mpokezi dhaifu, kisha anapokea fatwa ya damu kutoka kwa namba ya simu.

Lakini tukiwalaumu vijana pekee tutakuwa hatukutenda haki. Tume ya uchunguzi ya New Zealand, ambayo ripoti yake ilitolewa mwezi Disemba 2020, ilieleza kwamba vyombo vya usalama vya nchi hiyo vilikuwa vimeelekeza nguvu zao isivyofaa kwa Waislamu, huku hatari ikitokea kwingine. Hilo Waislamu tunalikumbuka, na tuna haki ya kulikumbuka. Ripoti hiyo hiyo ilieleza pia kwamba muuaji alikiri kuwa YouTube ilimuathiri zaidi kuliko vijiwe vya siri. Yaani mlango ulikuwa wazi barazani, na chumba cha gizani kilikuwa ndani zaidi. Kijana haamki siku moja akaenda kutafuta giza. Anakuwa na swali, analitafutia jibu mahali penye mwanga, hapati, na anaendelea kutembea.

Na maswali ya vijana wetu tunayajua. Kwa nini Waislamu wanauawa na dunia inanyamaza? Je, anayefanya kazi serikalini ni kafiri? Nina shaka moyoni, je, nimetoka katika dini? Kuna misikiti ambayo kijana akiuliza la kwanza anaambiwa asilete siasa, akiuliza la pili anatazamwa kwa wasiwasi kama ametumwa, na akiuliza la tatu anaambiwa astaghfiri na aondoke. Akifika nyumbani, simu yake haimkaripii. Kuna mtu humo anamwita ndugu, anamjibu saa nane ya usiku, na wala haoni taabu kumsikiliza. Kumnyang'anya simu kijana huyo ni kazi bure, kwani atapata nyingine kwa rafiki yake kabla ya Magharibi.

Huko Singapore, tangu mwaka 2003, walimu wa dini ya Kiislamu waliunda kikundi cha kujitolea cha kukaa na vijana waliokamatwa kwa fikra za namna hii, mmoja mmoja, wakizijadili hoja zao kwa dalili. Hao wanawapata vijana wakiwa wamekwisha kufungwa. Sisi bado tunao safuni.

Rai yetu kwa maimamu na kamati za misikiti ni kwamba usiku mmoja katika wiki, baada ya Isha, utengwe kwa ajili ya maswali ya vijana, na iwe marufuku kwa mzee yeyote kumkemea muulizaji au kwenda kumshitaki kwa baba yake. Anayejibu ataje jina lake, mwalimu wake, na chuo alichosoma, na amruhusu kijana kumuuliza dalili. Asipojua aseme hajui, kwani Imam Malik (R.A.), pamoja na ukubwa wa elimu yake, alijulikana kwa kulisema neno hilo bila ya kuona haya. Akina mama nao wapewe nafasi, maana mara nyingi wao ndio wa mwanzo kuona kwamba mtoto ameacha kula na wenzake na anacheka peke yake na simu.

Misikiti ambayo imekwisha kuanza utaratibu wa aina hii tunaiomba ituandikie, itaje siku, saa, na namna walivyompata wa kujibu, nasi tutachapisha, Insha-Allah, ili misikiti mingine iige.